Naomba ushauri: begi la ngumi la nyumbani, nyumba ya kupanga, mwili kilo 82

#1 barakuda82

Wakuu habari za jioni. Nimekuja na jambo dogo ila limeninyima usingizi wiki nzima.

Nina miaka 34, kilo 82, kazi yangu ni ya kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja. Jimu nililipia miezi miwili nikaenda mara tano. Foleni ya kutoka mjini mpaka Tabata mnaijua. Unafika jimu imefungwa, au iko wazi ila wewe mwenyewe umeshafungwa. Nimeamua mazoezi nifanyie nyumbani, na ninayoyapenda ni ngumi. Tangu Mwakinyo alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham mwaka 2018 nimekuwa napiga hewa mbele ya kioo, mke wangu anacheka. Sitaki kupanda ulingoni. Nataka jasho tu.

Shida ni begi lenyewe. Jumamosi nimezunguka Kariakoo nikaona la ngozi bandia la mita moja, la mita moja na ishirini, la kusimama lenyewe lenye kitako cha kujaza maji, na mengine mafupi mafupi kama mtungi. Kila muuzaji lake ndilo lenyewe. Mmoja akaniambia "hili la kilo hamsini bosi", nikalinyanyua kwa mkono mmoja nikashangaa nimepata nguvu lini. Kumbe yanauzwa matupu!

Nakaa vyumba viwili, nyumba ya kupanga, dari la jipsam. Uani kuna mwembe na kamba za kuanikia za wapangaji wanne. Bajeti laki mbili, glovu humo humo. Nichukue lipi?

#2 kimya_kingi

Naweka kigoda hapa. Nasubiri nondo.

#3 Kisiki

Anza kukimbia kwanza, barabara ni bure. Begi la nini na kitambi?

#4 barakuda82

Kisiki mkuu, nani kakuambia nina kitambi? (Ninacho.)

#5 Mzee wa Kona

Kijana, swali lako umelishika mkiani, na si kosa lako, karibu kila mtu huanza hivyo. Kabla hujauliza begi gani, tuambie utalitundika wapi. Nimeona watu wamenunua begi zuri la ngozi, likakaa nyuma ya mlango miaka mitatu limeegemea ukuta kama mgeni asiyekaribishwa, kwa sababu nyumba haina pa kulitundika. Mahali ndipo panapochagua begi.

Mimi nilicheza ngumi za ridhaa miaka ya tisini, baadaye nikawa nashika pedi za vijana mpaka mabega yakagoma. Nimepiga ngozi ya ng'ombe, turubai la lori, kiroba cha sukari, na matairi ya gari ndogo yaliyofungwa matatu kwa waya. Yote yanatoa jasho. Tofauti yake ni vile yanavyokurudishia ngumi yako mwenyewe.

Uzito: sisi tulikadiria nusu ya mwili. Kwako ni kilo 41, sema 40. Likiwa la 20 unalipiga mara moja linaruka mpaka kwa jirani, halafu unasimama kulingoja kama daladala ya saa tano usiku. Likiwa la 70 halitikisiki, na kila unachotoa kinakurudia kwenye kifundo cha mkono na bega. Anayeanza hudhani begi zito ndiyo uanaume. Wiki ya pili anaanza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto.

Urefu: kama ni ngumi tupu, sentimita 100 mpaka 120 zinakutosha. Ukitaka na mateke ya chini ndiyo unatafuta la 150 au 180 linalokaribia sakafu, lakini hilo linataka nafasi na linataka boriti ya maana. Tundika katikati yake pawe usawa wa kifua chako, chini yake paishie kiunoni au chini kidogo. Watu hutundika juu mno, ngumi ya tumbo wanapiga hewa.

La kusimama lenyewe nitalisema baadaye, nina ugomvi nalo.

#6 ChumaChaPua

Mzee heshima yako, ila mbona mnamzungusha kijana? Chukua kiroba, jaza mchanga, funga kamba, piga. Sisi Manzese tulikuwa hivyo na tulitoka na mikono ya chuma. Haya mambo ya springi na ngozi ni ya watu wa masaki masaki.

#7 BwanaVipimo

ChumaChaPua, tufanye hesabu kidogo. Begi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 35 linabeba kama lita 115. Mchanga mkavu lita moja ni kilo 1.6 hivi. Ukilijaza mchanga mtupu unapata kilo 180 na zaidi. Hiyo ni ng'ombe mdogo unayemtundika juu ya mwembe wa watu.

Begi hilo hilo ukilijaza matambara yaliyoshindiliwa sawasawa unapata kati ya 40 na 45. Ukijaza unga wa mbao bila kushindilia sana, ni ishirini na kitu tu. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia "begi la kilo hamsini" anakuambia habari ya siku za usoni, inategemea utalitilia nini.

#8 ChumaChaPua

Hatukujaza mpaka juu mkuu, nusu tu.

#9 BwanaVipimo

Nusu ya chini, sivyo? Na juu kulikuwa na hewa?

#10 Mzee wa Kona

Hahaha, mwacheni ChumaChaPua, anasema kweli tupu ya wakati ule. Mwaka 1998 Michael Yombayomba alipoleta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur, mtaani kwetu kila mwenye kiroba alikigeuza begi. Tulijaza mchanga wa baharini, haujakauka hata. Siku ya kwanza ni laini. Kila ngumi inaushusha mchanga chini, kila siku unashikana zaidi. Baada ya mwezi chini pamekuwa jiwe na juu pamekuwa soksi. Rafiki yangu alipiga apakati, ile ngumi ya kutoka chini kwenda juu, chini pale, nikasikia sauti kama kijiti cha muhogo mkavu. Mpaka leo kidole chake cha mwisho ukimwambia akunje ngumi kinaangalia pembeni.

Mikono ya chuma tuliyotoka nayo ndiyo hiyo. Asubuhi za baridi ya Julai inatukumbusha yenyewe.

Mchanga una kazi yake, lakini kidogo na katikati. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli, kata vipande, jaza mchanga mkavu kilo mbili mbili, funga ncha zote mbili mara mbili. Unapanga vipande hivyo kwenye uti wa begi, matambara yanauzunguka pande zote unene wa shibiri moja. Ngumi yako isikutane na mchanga kamwe.

#11 NesiWaPOP

Nafanya kazi chumba cha kufunga plasta, na huyo rafiki wa Mzee wa Kona namwona kila mwezi kwa sura tofauti. Mfupa unaovunjika mara nyingi ni ule wa ndani ya kiganja unaoshika kidole cha mwisho, pale karibu na kifundo cha kidole. Kitabibu mvunjiko huo umepewa jina la bondia, ingawa wengi wanaokuja nao hawajawahi kuona ulingo. Wamepiga ukuta, wamepiga kabati, wamepiga begi la mchanga bila kitu mkononi.

Ukikunja ngumi, igusane na begi kwa vifundo viwili vya mwanzo, cha shahada na cha kati. Kifundo cha mkono kinyooke na mfupa wa mkono, kisivunjike juu wala chini. Na ikitokea umepiga vibaya, ukaona mkono umevimba na kifundo kimoja kimezama hakionekani tena, usianze kukanda maji ya moto na kusubiri wiki mbili. Nenda kapige picha siku hiyo. Ukija mfupa umeshaunga vibaya tunaongea lugha nyingine.

Bandeji usiache hata ukiwa unapiga dakika tano. Zile za mita nne na nusu ndizo zinazotosha mkono wa mtu mzima: zinazunguka kifundo cha mkono mara tatu, zinapita kati ya vidole, zinarudi kwenye kidole gumba. Hizi fupi zinaishia njiani.

#12 mama_wawili_Arusha

Wapendwa nami niseme la wanawake maana naona mnapimana mabega tu humu.

Mimi nina kilo 58. Mume wangu kwa mapenzi yake alininunulia begi la kilo 45, la kwake na la kwangu pamoja, akasema tutashea. Mwezi mmoja kifundo cha mkono kikawa kinauma hata kukamua nguo. Nikamwambia baba watoto, hili ni lako. Tukashonesha lingine la kilo 27 na mkono ukapona. Nyumba moja inaweza kuhitaji mabegi mawili, msione aibu.

Raundi zangu ni za dakika mbili, mapumziko dakika moja, tatu tu. Nilipoanza nilikuwa naona dakika mbili ni kitu gani, nyimbo haiishi. Jaribuni.

Glovu chukua za wakia 12 au 14, kaka, kwa mwili wako. Zile ndogo ndogo nyembamba wanazokuuzia na begi kama zawadi mpe mtoto achezee. Na watoto wasilisukume begi likiwa linabembea. Wangu alipigwa nalo akakaa chini kama mzigo, hakulia hata, alishangaa tu.

#13 barakuda82

Dada ahsante sana. Nesi umenitisha mpaka nimeangalia mkono wangu. Sasa swali la Mzee: pa kutundika. Nina sehemu tatu kichwani. Dari la sebule, ukuta wa nje upande wa choo, na mwembe. Mafundi wapo humu?

#14 fundi_wa_Keko

Nipo. Tuanze na dari.

Jipsam yako haishiki kitu, ni urembo. Juu yake kuna kenchi, na kenchi zetu hizi ni mbao za mbili kwa nne zimegongewa misumari zibebe bati na dari basi. Kilo 40 zilizotulia zinaweza kukaa. Kilo 40 zinazobembea na kutikiswa mara mia kila siku ni habari tofauti, msumari unatembea taratibu. Kabla hujaona kenchi imelegea utaona jipsam imechanika kwenye maungio, unga mweupe unadondokea kwenye ugali. Mwenye nyumba anayelazimisha lazima apite darini, aweke ubao wa mbili kwa sita juu ya mbao za chini za kenchi tatu, aufunge kwa bolti, mnyororo ushuke kutoka hapo, uzito ugawanyike. Wewe ni mpangaji. Achana nalo.

Zege lingekuwa raha. Mtu mwenye ghorofa anatoboa, anaweka bolti zile zinazojitanua ndani ya zege, nne, sahani ya chuma, kazi imeisha.

Ukuta: tofali zetu za mchanga na saruji, nyingine saruji waliionjesha tu. Ukiweka mkono wa chuma na bolti za kuishia katikati ya tofali zitang'oka na kipande. Bolti zitoboe ukuta mzima, upande wa pili weka sahani ya chuma na nati. Upande wako wa pili ni choo cha watu wanne. Fikiria mtu yuko mle ndani na wewe uko raundi ya tatu.

Mwembe naupenda. Tawi bichi, unene wa paja la mtu mzima, utundike karibu na shina, siyo kule nje linakoyumba. Usifunge mnyororo moja kwa moja kwenye tawi, unakata ganda na tawi linakufa. Zungushia kipande cha tairi kuukuu au mkanda wa lori wa kufungia mizigo, halafu mnyororo ushike kwenye mkanda. Kila wiki angalia.

#15 fundi_wa_Keko

Nimesahau springi, ile inayokaa juu ya begi kupunguza mtikisiko. Watu wananunua springi ya kuvutika, yenye ndoano huku na huku. Siku inapokatika begi linakuja na mguu wako. Tafuta ya kubanwa: kuna vyuma viwili vya umbo la U vinapita ndani yake, kimoja kinatoka juu kingine chini, vinapishana. Uzito ukishuka springi inabanwa badala ya kuvutwa, na hata ikipasuka vile vyuma bado vimeshikana, begi linashuka inchi mbili tu. Hata mimi nakutengenezea, ukipata springi kuukuu ngumu ya kutosha.

Ila kwa mwembe huhitaji springi. Tawi lenyewe linanesa.

#16 Wambua_Umoja

Salamu kutoka Nairobi wadau. Naishi flati, ghorofa ya nne, hakuna mwembe hapa hata wa kuchora. Nilinunua la kusimama lenyewe. Kitako nilijaza maji, nikapiga jebu mbili na mkono wa kulia, likatembea kwenye taili mpaka likagonga friji. Nikamwaga maji nikajaza mchanga, ile nafasi ya lita 70 ikapanda kutoka kilo 70 hadi zaidi ya mia, likatulia. Lakini jirani wa chini akapanda na keyateka, msimamizi wa jengo, saa mbili usiku. Sasa liko juu ya matairi mawili, juu yake plaiwudi, juu yake zulia la mpira. Kelele imepungua, amani imerudi, ila nafasi ya sebule imekwisha. Wageni wanakaa na begi kama mtu wa familia.

Si baya kwa mateke mepesi na kasi. Lakini kwa ngumi nzito unalihisi linakwepa mapema, halina ule uzito wa kulisukuma na likusukume.

#17 Mzee wa Kona

Huo ndio ugomvi wangu nalo, Wambua umenisaidia. Begi la kutundikwa linabembea, unajifunza kulisubiri, kulizunguka, kulipiga linapokuja na kulipiga linapokwenda. Miguu inafanya kazi. La kusimama linakufanya mti ukipiga mti. Kwa flati ni sawa, lakini mwenye mwembe asinunue.

#18 Kisiki

Na msisahau begi halirudishi. Bondia George Foreman alipokuwa Zaire mwaka 1974 kupigana na Muhammad Ali alikuwa akilipiga begi mpaka linabonyea shimo la kuwekea tikiti maji. Watu wakamhurumia Ali. Ali akaenda kuegemea kamba, akamwacha apige, raundi ya nane Foreman akawa chini. Begi haliegemei kamba wala halikutukani sikioni.

#19 barakuda82

Kisiki leo umeongea kitu cha maana, nimeandika tarehe.

Mrejesho wa kwanza. Nimemfuata mama mwenye nyumba jana baada ya magharibi, nimebeba tende. Nikamweleza. Akaniangalia kwanza tumboni, halafu usoni. Akasema, "Mwanangu, huo mwembe marehemu mzee aliupanda kwa mkono wake mwaka tuliohamia hapa. Ukivunja tawi utapanda mwingine, na utakaa kwangu mpaka uzae." Nikasema sawa mama. Masharti: isiwe kabla watu hawajaamka, isiwe Ijumaa mchana, na kamba za nguo zisiguswe.

Kwa hiyo ni mwembe. Sasa nichukue la ngozi bandia Kariakoo au nishonewe?

#20 fundi_wa_Keko

Uani, jua na mvua? Ngozi bandia nyembamba jua la Dar linaichana miezi michache tu, inaanza kumenyeka kama mtu aliyetoka baharini. Ngozi halisi ni nzuri lakini mvua inaiua na bajeti yako haiifikii. Nenda kwa fundi turubai, wale wanaoshona mafuniko ya malori. Mwambie lile zito la plastiki, siyo la pamba. La pamba linakwaruza vifundo hata ndani ya glovu na likilowa linaoza. Ashone mara mbili kwa uzi wa nailoni, mikanda minne ipite chini ya kitako na kupanda juu mpaka kwenye ringi, siyo kushikizwa mdomoni tu. Mikanda ya siti za magari kuukuu inafaa sana. Uzito wote ubebwe na mikanda, turubai libebe matambara tu.

Mnyororo uwe wa chuma kilichopakwa zinki, usioshika kutu haraka. Hewa ya chumvi haina huruma.

#21 kimya_kingi

Mimi nilijaza pumba za mpunga. Ndani ya wiki mbili begi likawa na wapangaji wake. Nilipiga huku, panya akatokea juu ananiangalia.

#22 mama_wawili_Arusha

Jamani!! 😂

#23 barakuda82

Mrejesho wa pili, na huu ni mrefu kidogo, mnivumilie maana nimefurahi.

Kwanza nikiri. Kabla sijamsoma fundi vizuri nilishaagiza begi duka moja la mtandaoni, picha ya ngozi nyeusi imejaa, misuli ya mzungu pembeni. Likaletwa limekunjwa ndani ya mfuko wa rambo. Ganda tupu, mishono ukivuta inaonyesha mwanga, na mnyororo wa kufungia mbwa mdogo. Nimepigania kurudishiwa siku nne, nikarudishiwa nusu. Limekuwa mfuko wa mkaa wa mke wangu, na mkaa unavuja.

Basi nikaenda kwa fundi turubai. Sentimita 120 kwa 35, kama hesabu ya BwanaVipimo. Kijana fundi akauliza ni la kubebea nini, nikamwambia la kupiga ngumi, akaita wenzake wote waje wanione.

Matambara: nimezungukia mafundi cherehani watatu nikapewa mabaki ya vitambaa bure, mmoja alinishukuru kwa kumsafishia. Mitumba iliyokufa nikanunua bunda moja. Nimekaa na mke wangu jioni nzima tunakata zipu, vifungo na pini. Tulipata vifungo sahani nzima. Kisha tukaanika vyote juani siku mbili, maana niliambiwa vikiingia na unyevu begi litanuka kama soksi za bweni.

Sasa kujaza. Nikajaza kwa mikono, nikakanyaga kanyaga, likajaa mpaka juu. Nikalipeleka kwa muuza vyuma chakavu jirani, akalipandisha kwenye mizani yake ya kuning'iniza: kilo 28. Nilinyong'onyea. Nikarudi nikamwaga chote. Mara ya pili nimeweka kidogo kidogo, kila tabaka la shibiri moja natwanga kwa mchi wa kinu, natwanga pande zote kisha katikati, ndipo naongeza tabaka. Katikati nikapanga vipande vitatu vya mpira wa baiskeli vyenye mchanga, kilo mbili mbili. Mikono ilitetemeka kuliko siku yoyote niliyokwenda jimu. Mizani: kilo 42. Muuza vyuma akauliza nitamuuzia shilingi ngapi kwa kilo.

Limepanda mwembeni jana. Mkanda wa lori, kipande cha tairi, mnyororo, kila kitu.

#24 BwanaVipimo

42! Nilisema kati ya 40 na 45. Naomba heshima yangu.

#25 ChumaChaPua

Heshima yako unayo. Mimi nilikuwa natania tu kuhusu mchanga.

#26 Mzee wa Kona

Hukutania.

Kijana, kazi nzuri. Sasa usiharibu. Wiki ya kwanza raundi tatu za dakika mbili, nusu nguvu. Usilisukume begi, lipige na urudishe mkono haraka kama umegusa pasi. Likibembea sana, unalisukuma. Likitoa mlio mkavu na kutikisika pale pale, umelipiga. Baada ya wiki mbili tatu matambara yatashuka, juu patalegea. Ni kawaida. Fungua mdomo, twanga, ongeza, na kila wiki ligeuze robo duara usilipige upande mmoja.

#27 barakuda82

Wiki ya tatu. Limeshuka kweli, kama shibiri nzima juu lilikuwa soksi. Nimeongeza kilo tatu za matambara, limekaza. Vifundo viko salama, Nesi. Kidole gumba cha kushoto kiliuma siku moja, nikagundua nilikuwa nakiacha nje ya ngumi kama naomba lifti.

Kilichonishangaza ni saa. Nilikuwa naangalia simu kila sekunde kujua raundi imeisha. Sasa mjukuu wa mama mwenye nyumba, ana miaka kumi, ndiye kengele. Anakaa kwenye ndoo na simu yangu na mfuniko wa sufuria. Dakika mbili zikifika anagonga. Ananiibia sekunde, najua, nikichoka anachelewesha kugonga makusudi anacheka. Bibi yake anatazama kutoka barazani anajifanya anachambua mchele.

Sasa dogo anataka kupiga na yeye. Nimempima kwenye mizani ile ile, kilo 31. Nimshonee la kilo ngapi?

#28 Mzee wa Kona

Kumi na tano. Matambara matupu, mchanga hata kijiko usitie. Na mnunulie glovu zake mwenyewe, zako zitakuwa zinanuka sasa hivi.